Kiwanja cha jirani kimegeuka pori na halmashauri haiji: hivi ndo mnafanya

Mwezi wa saba mwaka juzi mwanangu wa mwisho alifuata mpira kwenye kiwanja cha jirani akarudi analia, anajikuna shingo mpaka ngozi inachubuka. Upupu. Wanaoujua wanajua, masika ikiisha yale maganda yakikauka vinyoya vyake vinasafiri na upepo, wala huhitaji kuugusa mmea wenyewe, unaanika nguo kamba ya nyuma, jioni unazianua na familia nzima inaanza kuwashwa. (Ikikukuta usikimbilie kumsugua mtoto na maji, mvue nguo kwanza, chukua selotepu bandika bandua, bandika bandua pale panapowasha mpaka vinyoya vitoke, ndo umwogeshe.) Usiku ule sikulala vizuri na asubuhi nikaamka na safari ya ofisi ya mtaa.

Sisi tuko pembezoni mwa Dar, maeneo ya viwanja vilivyopimwa, na ukitaka kuelewa hili tatizo rudi nyuma kidogo. Mwaka 2002 serikali ilianzisha ule mradi wa viwanja 20,000, Kibada, Kisota, Gezaulole, Tuangoma, Buyuni, Mwanagati, Mbweni, Bunju na kwingineko. Watu wakanunua, wengine wakajenga, wengine wakaweka akiba maana ardhi haiozi. Imepita miaka zaidi ya 20 na mitaa ya namna hiyo bado ukipita unakuta nyumba, nyumba, pori, nyumba, pori mbili zimeungana, nyumba. Mwenye kiwanja yuko Mwanza, yuko Muscat, yuko Marekani, ameshafariki, ameshamuuzia mtu wa tatu bila kubadilisha jina. Wewe unayelala pale ndo unapambana na koboko, mbu, vibaka wanaojificha, na watu wanaokuja usiku na bajaji kutupa taka.

Kipindi hicho nilikuwa naamini kabisa kwamba halmashauri ni wavivu tu. Nilipomfikia bwana afya, yaani afisa afya wa kata, nikamwaga yote, akanisikiliza mpaka mwisho kwa upole, akafungua daftari lake akaniambia, "Mama, nipe jina la mtu nimwandikie notisi leo leo. Pori halisaini."

Hilo neno ndo limenifanya niandike haya yote. Sheria zipo, tena siyo chache. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa bwana afya nguvu ya kumwandikia mwenye eneo notisi aondoe kero, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema kila mtu ana haki ya kuishi kwenye mazingira safi na salama, na kila halmashauri ya mji ina sheria zake ndogo za usafi. Kinachokosekana ni mtu wa kukabidhiwa ile karatasi. Kwa hiyo kazi yetu sisi majirani siyo kupeleka malalamiko, kazi yetu ni kupeleka jina, namba ya kiwanja na karatasi za kutosha ili yule ofisa asiwe na sababu ya kukwama. Nitaeleza tulivyofanya sisi, pamoja na pale tulipokosea.

KWANZA KABISA JUA PORI NI LA NANI

Hapa watu wengi wanapoteza miezi. Unakwenda kwa mtendaji wa mtaa kulalamikia majani kumbe yale majani yako kwenye hifadhi ya barabara, mtendaji anaandika, barua inakwenda halmashauri, halmashauri wanasema siyo yetu. Majani ya pembeni ya barabara za mtaani ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, hao wapo tangu 2017, barabara kuu ni TANROADS, wakala mwingine. Matawi yanayogusa nyaya piga simu TANESCO na usithubutu kupanda mwenyewe na panga hata kama ni tawi dogo, watu wamekufa kwa hilo. Eneo la wazi lililotengwa kwenye ramani ni la halmashauri yenyewe, hapo unamwandikia mkurugenzi moja kwa moja maana yeye ndo mwenye pori.

Bondeni kuna habari nyingine. Mita 60 kutoka kingo za mto sheria ya mazingira inazilinda, kwa hiyo yale matete na miti unayoiona kama uchafu ndo inashika udongo usiondoke na mvua, usiende kukusanya vijana mkafyeka mkajisifu, mvua ya vuli ikija mtaona ukuta wa nani unaanza kuning'inia. Mikoko ndo kabisa, mikoko haikatwi bila kibali hata kama iko nyuma ya choo chako.

Na kuna uzio wa michongoma. Huu ni ugomvi wa peke yake, maana mwenye uzio yupo, mnamjua, mnasalimiana kila siku, ila michongoma imetoka mpaka katikati ya njia bajaji haipiti na watoto wa shule wanachanwa na miiba. Hapa usianze na bwana afya. Anza na hodi. Nenda jioni na mtu mzima mmoja mnayemheshimu wote, ongeeni kwa heshima, na kama ni mzee anaishi peke yake msaidieni kukata. Tumemaliza kesi kama nne za michongoma kwa staili hii bila karatasi hata moja.

Ikibaki kiwanja cha mtu binafsi ambaye hamumjui, endelea kusoma.

KUMTAFUTA MWENYE KIWANJA

Hii ndo kazi yenyewe na ndo halmashauri wanaposhindwa, sitaki kuwatetea lakini nimeona kwa macho yangu. Bwana afya mmoja ana kata nzima, anakagua migahawa, bucha, vyoo vya shule, chanjo, mazishi ya miili isiyo na ndugu, maji machafu ya nyumba hii yameingia nyumba ile, halafu hana usafiri, anapanda bodaboda kwa hela yake. Mtu huyo hawezi kukaa siku tatu kumtafuta mwenye kiwanja kimoja kwenye kata yenye viwanja vitupu mia na kitu. Wewe unaweza, kwa sababu wewe una kiwanja kimoja tu cha kuhangaika nacho.

Anza na namba ya kiwanja. Kwenye maeneo yaliyopimwa kila kona ina bikoni, kile chuma kilichozungushiwa zege, juu yake kuna namba. Shida ni kwamba bikoni zenyewe ziko ndani ya pori. Sisi tulikwenda saa nne asubuhi na jua, buti miguuni, fimbo ndefu mbele tunapiga piga chini kabla ya kukanyaga, tukawa na mlinzi mmoja wa nyumba ya jirani anayejua mipaka. Tuliipata moja tu, imezama kwenye mizizi ya mbaazi mwitu, namba imejaa kutu nikaisugua na kisigino cha kandambili niliyokuwa nimeibeba kwenye mfuko mpaka tarakimu zikatokea. Piga picha. Ukiikosa kabisa usijali, chukua namba ya kiwanja chako na za majirani wawili watatu, afisa ardhi akiwa na ramani ya upimaji anakipata kilichobaki katikati.

Ukishapata namba na kitalu, tuseme Kiwanja namba fulani Kitalu F, unaomba upekuzi ofisi ya ardhi, wengi wanaita kufanya sechi. Unaandika ombi, unapewa control number, ile namba ya kulipia serikalini, unalipa ada ya serikali, wanakutolea taarifa inayoonyesha kiwanja kimesajiliwa kwa nani. Usimpe hela mtu wa kati anayekaa nje pale na bahasha, hana anachokufanyia ambacho huwezi kufanya mwenyewe, na karatasi yake haina kazi mbele ya bwana afya.

Sasa hapa ndo nilijifunza kitu. Anwani iliyo kwenye faili mara nyingi ni S.L.P. ya zamani, barua ikitumwa inarudi au inapotea. Lakini mwenye kiwanja anatakiwa alipe kodi ya pango la ardhi kila mwaka, na siku hizi ukiomba control number unaweka namba ya simu. Kwa hiyo mtu ambaye faili linasema hapatikani, mfumo wa kodi mara nyingi una simu yake ya juzi juzi tu. Hiyo simu wewe hawatakupa na usilazimishe, kuna sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2022. Unachofanya ni kumwomba bwana afya aandike barua kwa afisa ardhi wa halmashauri ili wao wenyewe wampigie. Idara mbili za ofisi moja, ghorofa tofauti, na barua hiyo kwetu ilikaa wiki tano mezani kwa mtu kwa sababu hakuna aliyeifuata. Nikaanza kuifuata mimi. Kila Jumatatu. Wiki ya sita wakampigia.

Wakati hilo linaendelea uliza mtaani. Mlinzi, fundi aliyejenga nyumba ya jirani, mama aliyewahi kulima mihogo pale, dalali wa kwanza wa eneo, wazee waliokuwepo kabla ya kupimwa. Ukiambiwa "yule alifariki" usikate tamaa, uliza msimamizi wa mirathi ni nani maana huyo ndo anabeba majukumu sasa. Mirathi yenye ugomvi ndo pori gumu kuliko yote, watoto watano hakuna anayetaka kutoa hata elfu kumi ya kufyeka asije akaonekana ndo kajimilikisha au akawafyekea wenzake bure. Kwa hao mwite mmoja tu anayeonekana ana busara, mwambie wazi kwamba kufyeka hakumpi wala kumnyima mtu urithi.

Jina la mtu ukilipata usilirushe kwenye grupu la Wasapu la mtaa. Tuliwahi kufanya hivyo na tulikosea vibaya, jina halikuwa la mmiliki wa sasa, alikuwa ameshauza miaka minane nyuma, yule mzee wa watu akatukanwa na watu asiowajua. Tulimwomba radhi lakini neno likishatoka limetoka.

BARUA

Maneno ya mdomo ofisini hayana uzito, unaongea na mtendaji leo, mwezi ujao amehamishwa. Andika, toa kopi mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea na tarehe, hiyo rudi nayo nyumbani uitunze kama cheti cha kuzaliwa. Barua yetu ilikuwa hivi, badilisha unavyotaka:

Mtendaji wa Mtaa,
Mtaa wa ..........

YAH: KERO YA PORI KATIKA KIWANJA NA. ...... KITALU ......

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wakazi tuliosaini hapa chini tunaishi jirani na kiwanja tajwa. Kiwanja hicho hakijafyekwa tangu mwezi ......... na sasa kina upupu, vichaka virefu kuliko mtu na taka zinazotupwa usiku. Tarehe ......... mtoto wa miaka saba alidhurika kwa upupu, na tarehe ......... nyoka aliingia katika nyumba ya mmoja wetu. Picha zimeambatishwa.

Kwa mujibu wa upekuzi uliofanyika tarehe ........., kiwanja kimesajiliwa kwa jina lililoonyeshwa katika kiambatisho.

Tunaomba ofisi yako imjulishe Afisa Afya wa Kata akague eneo na kumpa mhusika notisi ya kuondoa kero. Tuko tayari kuonyesha mipaka na kutoa ushahidi.

Nakala: Mwenyekiti wa Mtaa, Mtendaji wa Kata, Afisa Afya wa Kata.

Chini majina, namba za nyumba, saini. Zile namba za nyumba tulizobandikiwa 2022 kipindi cha anwani za makazi kabla ya sensa zinasaidia sana hapa, mtu wa ofisini anajua kabisa umekaa wapi. Saini saba nane zinatosha, msikusanye mia mkachelewa miezi mitatu.

Angalia tulivyoandika matukio, tarehe na kilichotokea. Mwanzo niliandika ukurasa mzima wa hasira, "tumechoka, tunateseka, viongozi hamtujali", mwenyekiti wetu akausoma, ni mzee wa makamo mtaratibu, akaniambia mwanangu hii barua ni nzuri lakini bwana afya akienda mahakamani hawezi kumsomea hakimu hasira zako. Nikairudia.

Picha ziwe na kitu cha kupimia, mtu mzima amesimama pembeni ya kichaka, au mlango wa geti unaonekana. Piga moja kila mwezi ukiwa umesimama sehemu ile ile.

NOTISI IMETOKA, MBONA BADO?

Notisi yetu ilitoka ya siku 14. Siku ya 12 vijana wawili wakaja na fyekeo wakafyeka mbele tu, upande unaoonekana barabarani, bwana afya akapita na bodaboda akaona pasafi akafunga faili. Nyuma kwetu pori liko pale pale. Kwa hiyo siku ya ukaguzi uwepo, mtembeze mpaka nyuma, na kabla ya kufyekwa mwombe kwenye notisi aandike kiwanja chote na taka ziondolewe, maana wengine wanafyeka wanaacha marundo yanaoza humo humo, na makopo na mabati yaliyomo yanabaki yanakinga maji ya mvua. Mbu wa dengi anazaliwa kwenye hayo maji ya makopo, majani yanampa kivuli tu. Dar imeshaona dengi 2014 na 2019, siyo hadithi.

Kikwazo cha pili ni mvua. Notisi ikitoka mwezi wa tatu majani yanarudi kabla hujamaliza kushukuru, kwenye masika wiki tano sita tu unayakuta kiunoni. Hapo ofisa inabidi aanze upya, akague tena, aandike tena. Ndo maana nasema pelekeni barua mwezi wa sita au wa saba, kiwanja kikifyekwa kiangazi kinakaa safi mpaka vuli ya mwezi wa kumi, na upupu unaukata kabla haujaiva. Ukifyeka maganda yakiwa mabichi mwaka unaofuata unaota mchache. Vaa nguo ndefu na glavu hata hivyo.

Kikwazo cha tatu ni faini. Hapa kwetu faini ya papo kwa papo tuliyozoea kuisikia ni elfu hamsini, angalia sheria ndogo ya halmashauri yako. Sasa fikiria mtu ana kiwanja cha milioni thelathini kinapanda bei kila mwaka, kufyeka mara tatu kwa mwaka kwa bei za vijana wetu, elfu arobaini kila mara, ni laki na ishirini. Faini ya mara moja elfu hamsini. Anayepiga hesabu analipa faini analala. Halmashauri wanalijua hilo vizuri, na kumpeleka mahakamani kwa ajili ya majani kunataka mwanasheria, siku za kesi, shahidi, na yule mtu awe amepatikana. Mashahidi wengi hawaendi. Kama mmesaini barua mkaitwa, nendeni, kesi nyingi za usafi zinafia hapo.

Njia nyingine ambayo sheria inaruhusu ni halmashauri kufyeka yenyewe kisha kumdai mwenye eneo gharama. Inasikika rahisi. Kiutendaji hela ya kulipa vijana lazima iwe kwenye bajeti, na bajeti hiyo hiyo ndo inanunua mafuta ya gari la taka, na hela ikishatoka kuirudisha ni kazi ya miaka. Tuliiomba, tukajibiwa vizuri tu kwamba fungu hilo halipo mwaka huu. Kama mna diwani anayesikiliza mpelekeeni hili kabla ya vikao vya bajeti, siyo baada, na msiombe kata nzima, ombeni viwanja vitatu vibaya zaidi vilivyo karibu na shule au zahanati.

Na lingine lazima niliseme hata kama litawaudhi majirani zangu. Siku ya ukaguzi bwana afya alichokonoa rundo la taka ndani ya lile pori akatoa pampasi, mifuko ya unga, na bahasha yenye jina la mtu wa mtaa huo huo, tena mmoja wa waliosaini. Mwenye kiwanja akija na picha ya hiyo bahasha kesi imegeuka. Kabla hujampeleka mtu kwenye ofisi yoyote hakikisheni taka zenu zinakwenda kwenye gari, mlipe ile hela ya taka ya mwezi, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi ile ya usafi watu watoke kweli. Mwaka 2015, ile Desemba 9 ya Uhuru tuliyofanya usafi badala ya gwaride, watu walikuwa na moto sana, sasa hivi maduka yanafungwa mpaka saa nne, wenye maduka wanasimama nje wanasubiri saa nne.

USIFANYE HAYA

Usichome. Najua inavutia, kiberiti kimoja na pori limekwisha. Mwezi wa nane na upepo wa kusi moto hauulizi bikoni, unaingia kwenye makuti ya banda la mtu, na moshi wa upupu na plastiki ukiingia kifuani kwa mwenye pumu utajuta. Na ukichoma kwenye ardhi ya mtu mshtakiwa ni wewe, siyo yeye.

Usimwage dawa ya magugu kwenye kiwanja kisicho chako, hasa kama kuna kisima cha jirani au kuku na mbuzi wanazunguka. Usikate miti mikubwa. Majani ni majani lakini mwembe au mkorosho ni mali, mwenye kiwanja akija anakudai, na ana haki.

Na usiingie kufyeka kwa siri ukadhani unamsaidia. Ingia na ruhusa, hata ya meseji, uihifadhi.

KINACHODUMU NI MAKUBALIANO

Notisi inafyeka mara moja. Kilichotusaidia kwa muda mrefu ni mwenye kiwanja kukubali mtu akae na eneo lake. Yule wa kwetu alipopigiwa simu kumbe yuko mkoani, mstaafu, hajaja Dar miaka sita, hakujua kabisa pako vile, tulipomtumia picha alinyamaza muda halafu akasema, "Poleni sana wanangu." Hakuwa mtu mbaya. Hofu yake ilikuwa moja, nikimwachia mtu alime kesho atadai fidia au ataniambia ni pake.

Hofu hiyo ina msingi. Sheria ya ukomo ya mwaka 1971 inampa mtu miaka 12 tu ya kudai ardhi yake ikikaliwa na mwingine, na kila mmiliki wa mbali amesikia hadithi ya fulani aliyepoteza kiwanja. Dawa yake ni karatasi. Mnaandika makubaliano mafupi mbele ya mtendaji: fulani anaruhusiwa kulima mazao ya muda mfupi, mchicha, matembele, kunde, mahindi, bila kupanda miti wala kujenga hata kibanda, haruhusiwi kumwachia mtu mwingine, ataondoka akipewa notisi ya miezi mitatu ili avune, na hatadai chochote. Inaandikwa kwa mwaka mmoja, inasainiwa upya kila mwaka. Mtu aliyeingia kwa ruhusa iliyoandikwa hawezi kusimama kesho akasema alijikuta pale tu. Pande zote mbili zinabaki na kopi, ya tatu kwa mtendaji.

Mihogo msikubali. Inakaa shambani muda mrefu, inakuwa kichaka yenyewe, na siku ya kuondoka ndo ugomvi unaanzia hapo.

Kama hakuna wa kulima, mwenye kiwanja atume hela ya kufyeka mara tatu kwa mwaka, mwisho wa mwezi wa tano, mwezi wa saba kabla upupu haujakauka, na mwezi wa kumi na mbili. Awe na kijana mmoja anayejulikana, alipwe baada ya picha, siyo kabla. Mnaoishi Oman, Uingereza au Marekani mnaosoma hapa na mna kiwanja huku hamjakiona miaka, hili linawahusu moja kwa moja. Muulize mtu leo akutumie picha ya kiwanja chako. Mpe mtendaji wa mtaa namba yako ya simu tu, hilo peke yake linafupisha miezi ya kazi niliyoeleza hapo juu, na linakulinda wewe maana kiwanja chenye pori ndo matapeli wanakipenda, wanajua hakuna anayekuja.

IKISHINDIKANA KABISA

Hati nyingi za viwanja vya mjini zina sharti la kuendeleza ndani ya miezi 36, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inahesabu kutelekeza ardhi kwa miaka miwili na zaidi kama sababu ya kufuta milki. Anayefuta ni Rais, baada ya notisi za Kamishna wa Ardhi, kwa hiyo usimtishe mtu kwamba mwenyekiti wa mtaa atamnyang'anya, hawezi. Lakini halmashauri ikipeleka orodha ya viwanja vilivyotelekezwa wizarani na cha kwenu kimo na faili lake lina barua, picha za miezi 14 na notisi mbili zilizopuuzwa, hapo mmiliki anayesikia habari hiyo huwa anapatikana haraka sana. Tumeona kwa kiwanja cha pili, kile cha kona, miaka yote hapatikani, tetesi za orodha zilipofika kwa dalali tu, wiki iliyofuata kuna gari limepaki pale na mtu ameshika hati.

Sasa hivi kile cha upupu kina matembele na mchicha, mama mmoja wa nyumba ya nne ndo anakilima, asubuhi anauza fungu kwa majirani wale wale. Bikoni zote nne tumezifukua tukazipaka rangi nyeupe. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 ulipopita nikatoa kopi ya faili lote nikampelekea mwenyekiti mpya wiki ya kwanza, na mtendaji naye akihama nitampelekea atakayekuja. Mwezi wa tano mwishoni nazunguka tena na simu yangu kupiga picha, viwanja viwili bado.